Msumari wa Kutundikia Kilemba

Nyinyi vijana mnaoingia kazini siku hizi mnakabidhiwa kofia ngumu, glavu na viatu vyenye chuma puani. Mimi mwaka 1970, pale Matrah, nilijikabidhi mwenyewe msumari mmoja. Niliugongomea ukutani karibu na mlango wa ghala letu la vifaa, na kila asubuhi nikatundika kilemba changu hapo kabla ya kushika zana. Wapita njia walidhani mzee anaona joto, nami nikawaacha wadhani hivyo hivyo. Lakini msumari ule ndio ulioniokoa nisimalizie maisha yangu ya kazi nikilinda birika la chai, na habari yake ndiyo ninayotaka kukupeni leo. Mtanivumilia nikizunguka zunguka, maana mzee akianza kusimulia hafiki mahali kwa njia ya mkato.

Umeme niliuanza Unguja. Nilikuwa fundi wa nyaya kule mjini tangu ujana wangu, na nilikuwa hodari, naomba mlijue hilo kabla sijaanza kujivunjia heshima mwenyewe. Zama zetu waya ulivishwa mpira na uzi wa pamba, ukalazwa ndani ya mbao nyembamba zilizopigwa rangi, na fundi alisifiwa zaidi kwa kunyooka kwa mbao zake kuliko kwa kuwaka kwa taa zake. Mimi mbao zangu zilinyooka.

Mwaka 1964 tukaondoka, mimi, mke wangu Mama Zuwena, na Zuwena mwenyewe akiwa bado msichana mdogo. Kuondoka kwenyewe si habari ya leo. La leo ni kwamba tulishuka Maskati na sanduku langu la zana, nililibeba mwenyewe begani, sikumpa mpagazi, kwa kuwa niliamini riziki yetu yote imo mle. Tulipoingia mjini nikawa natazama juu. Nikatazama mapaa, nikatazama kuta, nikatazama mlango wa msikiti. Sikuona hata uzi mmoja wa waya. Palikuwa na mashine chache za umeme kwa wakubwa, nazo zilikuwa na watu wake. Mji uliobaki ulikuwa mji wa mafuta ya taa. Mama Zuwena alipofahamu nilichokuwa nakitafuta juu ya mapaa ya watu alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Alikuwa na haki ya kucheka, ingawa siku ile sikumpa.

Nyinyi mnaopita Qurum usiku na magari yenu, barabara nzima inang'aa, hamwezi kuamini sheria ya Maskati ya wakati ule. Saa tatu za usiku ngoma ikilia ngomeni na mzinga ukipigwa, malango ya mji yalifungwa, na kuanzia hapo kila anayetembea alitakiwa awe na kandili mkononi, kila mtu na lake. Mimi mgeni nikajiona mjanja. Nilikuja na tochi ya betri kutoka Unguja, tochi nzuri ya chuma, nikatoka nayo baada ya mzinga nikielekea kwa jirani. Askari akanisimamisha.

"Taa yako iko wapi?"

Nikamulika tochi, nikamulika na uso wake ili aone vizuri ubora wake.

"Hiyo si taa," akasema. "Taa ina moto."

Nikaanza kumweleza habari ya betri, kwa Kiarabu changu kilichofaa msikitini kuliko barabarani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunishika mkono. Nililala kwenye benchi la lango na tochi yangu mapajani. Asubuhi nikaenda moja kwa moja kununua kandili, na hapo ndipo nilipomkuta Usta Murad.

Usta ndivyo walivyowaita mafundi. Huyu alikuwa Mbulushi, fundi bati, kibanda chake kikiwa nje kidogo ya lango kubwa, mtu mfupi mwenye ndevu nyekundu za hina na ulimi mkali kushinda mkasi wake. Watu walikuwa wamejaa mlangoni kwake, kila mmoja na kandili linalovuja, lililopasuka kioo au lililojaa masizi. Nikasimama nikamtazama anavyolehemu. Nilipokuwa nikitazama nikahisi vidole vyangu vinawasha, maana kulehemu najua, na tangu tufike sikuwa nimeshika kitu. Nikamwomba kazi.

"Una miaka mingapi?"

"Arubaini na sita."

"Umechelewa," akasema. "Kaa pale ukate bati."

Nikakaa. Kwa miaka sita sikuinuka.

Sasa nikuambieni namna Usta Murad alivyofundisha, kwa kuwa siku hizi hakuna anayefundisha hivyo, na sijui kama ni heri au hasara. Alifundisha kwa kukaripia. Siku ya kwanza nilipinda ukingo wa bati, akaunyakua akautupa barabarani. "Mikono yako imeumbwa kukanda unga!" akapiga kelele, wateja wote wakisikia. "Nani kakwambia ushike bati?" Mimi mtu mzima, baba wa binti, niliyekuwa nikiitwa Bwana Khalfani katika nyumba za watu wa maana kule Unguja. Masikio yaliniwaka moto. Lakini ukingo wa pili nikaupinda sawasawa, na mpaka leo nikipewa bati nitaupinda sawasawa.

Alinifundisha kwamba kandili lililolehemiwa hujaribiwa kwanza kwa maji, si kwa mafuta, kwa sababu maji yakivuja umepoteza maji tu. Alinifundisha kukata utambi ukiwa mkavu, kuunyoosha kisha kuzipunguza ncha zake mbili, la sivyo moto unapanda pembeni na chemni, kile kioo cha taa, inafanya weusi upande mmoja. Chemni husuguliwa kwa jivu na kitambaa, na usiitie maji ikiwa moto labda uwe na hamu ya kununua nyingine. Haya yote nilitukaniwa kwanza ndipo nikayajua.

Lililonikaa zaidi ni la muuza haluwa. Nilitengeneza kandili langu la kwanza peke yangu, nikalitoboa matundu ya hewa makubwa makubwa, nikiona yanapendeza. Usta Murad alikuwa amekwenda Bustan siku ile, kwa hiyo nililiuza mwenyewe, nikajisifu mwenyewe. Kesho yake akaja muuza haluwa na mwiko wake mkononi, amekasirika. Alipofika kwenye kona inayoelekea baharini upepo uliingia kwenye matundu yangu ukazima moto, na kandili lililozimika mbele ya askari ni sawa na kutokuwa nalo. Naye akalala benchini pangu. Usta Murad hakunitetea hata kwa neno. Alinipa lile kandili, limewashwa, akaniambia niende nalo jioni mpaka kwenye ile kona, na nirudi nalo linawaka. Likazima. Akaniambia niende tena. Nilipita kona ile jioni baada ya jioni, nikiziba tundu hili, nikibana lile, watoto wakinifuata wakishangilia kila linapozima, mpaka nikafahamu upepo wa pale unaingilia wapi na unatokea wapi. Yule muuza haluwa akawa mteja wangu wa kudumu, na Idi alinitumia sinia la haluwa.

Basi, ikaja 1970 na mambo yakafunguka. Malango yakawa hayafungwi tena, hakuna wa kukuuliza kandili, na zikaja habari kwamba Matrah na Maskati zitatandazwa nyaya. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nililifungua sanduku langu la zana, nikaifuta kutu ile bisibisi yangu yenye mpini wa mpingo, nikamwambia Mama Zuwena kwamba dunia imerudi kwangu. Usta Murad nilipomuaga hakuinua uso. "Nenda," akasema. "Lakini ukumbuke kuna kona na huko." Nilidhani ananionea wivu.

Kampuni iliyochukua kazi ilikuwa na msimamizi Mhindi, mtu mpole sana. Kiongozi wa kikosi chetu alikuwa kijana aliyejifunza umeme Kuweti, jina lake Seif. Mwenye asili ya Unguja kama sisi, mwenye adabu, hodari. Na miezi michache nyuma alikuwa amemuoa Zuwena. Yaani mkubwa wangu kazini alikuwa mkwe wangu, na harusi bado haijapoa.

Mnajua wenyewe mkwe kwetu ni nani. Seif nyumbani kwangu alikuwa hakai mpaka niketi, hainui sauti, na akinipa kikombe anakishika kwa mikono miwili. Kazini akawa hivyo hivyo. Nikipanda ngazi, yeye huishikilia. Nikimaliza kufunga swichi, husema, "Mashallah, baba." Hamedi, kijana wa Kipemba tuliyefanya naye kazi, naye husema, "Mashallah, mzee." Nilirudi nyumbani kila siku nimejaa mashallah.

Kwa hiyo msimamizi aliponiita kabla ya Ramadhani kuingia, nilifikiri ananipandisha cheo. Akanionyesha kiti kipya mlangoni mwa ghala.

"Mzee Khalfani, umefanya kazi vya kutosha," akaniambia kwa upole. "Ramadhani ikiisha, ukae hapa. Utatunza vifaa, utapika chai. Hupunguziwi kitu."

"Kuna kazi yangu gani haikuwaka?" nikamuuliza.

Akatazama miguu yake. Nikapandwa na hasira, nikamwambia anichagulie nyumba, niitandaze nyaya peke yangu kabla ya Idi, asiniguse mtu, asinisaidie mtu. Ikiwaka, kiti akikalie mwengine. Akakubali haraka, kwa huzuni, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Siku mbili hazikupita nikasahau ile bisibisi yangu ya mpingo katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, ambako nilikuwa nimefunga soketi na kutia plagi kwenye feni ya mezani ya chuma. Nikarudi kuifuata. Nilipofika uani nikasikia sauti ya Seif ndani.

"Fanya haraka, Hamedi, mzee asije akajua."

"Na ile swichi ya ukumbini?"

"Nshaifungua nikaifunga upya asubuhi. Hii feni ndiyo ya hatari. Katia kahawia kwenye ardhi. Mama wa watu akiigusa tu, kesha kwenda."

Lazima niwaeleze kosa langu, kwa kuwa wengine wenu mtalikuta kwa wazee wengine. Zama zetu waya wenye moto ulikuwa mwekundu, na waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye chuma cha kifaa, tulioutumia sisi ulikuwa shaba tupu, na shaba ikikaa hugeuka kahawia. Vifaa vipya vilivyokuwa vikianza kuingia, wenye moto ndio wa kahawia, na wa ardhi una kijani na manjano. Nilikuwa nimeambiwa. Seif alinieleza siku ya kwanza, kwa maneno matamu na marefu, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kichwa kilisikia, lakini mkono ulikuwa na kumbukumbu zake. Mkono uliona kahawia ukaenda kwenye ardhi wenyewe.

Sikuingia ndani. Nikarudi bila bisibisi. Wallahi iliniuma. Wangekuwa wamenicheka ningewakasirikia na mambo yakaisha, lakini walikuwa wakinistahi. Kila mashallah niliyopewa ilikuwa na kazi yangu iliyofumuliwa nyuma yake. Na mwisho wa Ramadhani ningeingia kwenye nyumba peke yangu, pasipo wa kufumua. Niliogopa kiti kile kushinda nilivyowahi kuogopa kitu chochote cha kazi. Sikuwa nimechoka! Macho yalikuwa mazima, magoti mazima, na hamu ya kujua nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia nimekosea.

Mama Zuwena alikuwa akichambua mchele. Nikamhadithia yote, nikimlaumu Seif kwa kunificha.

"Ulitaka akwambie nini?" akaniuliza. "Baba mkwe, hujui kazi?"

"Angeniambia tu."

"Hathubutu, maskini. Akikukaripia wewe, Zuwena atamnunia, mama yake mzazi atamnunia, na mie ntamnunia." Akapuliza makapi. "Hebu niambie, yule Mbulushi wako alikuwa akikwitaje?"

"Punda."

"Na ukajifunza. Hawa wanakwita baba, hujajifunza kitu. Basi katafute namna ya kuwa punda tena, usije ukanikalia hapa na uso huo."

Ndiye aliyenipa fikra, ingawa fikra ya msumari ilikuwa yangu. Kesho yake, mwezi mosi Ramadhani, niliwahi ghalani kabla ya wote. Nikaugonga msumari, nikavua kilemba mbele ya Seif na Hamedi, nikakitundika.

"Sikilizeni," nikasema. "Kilemba kikiwa kichwani kwangu, mimi baba yenu. Kikiwa hapo ukutani, mimi mwanagenzi. Nnataka nikaripiwe."

Hamedi akaanza kucheka, kisha akaona sicheki. Seif alikuwa akikitazama kilemba ukutani kama kwamba kichwa changu bado kimo ndani yake.

"Baba, mie siwezi," akasema.

"Utaweza. Anza leo."

Hakuweza. Siku ile ile nilikuwa nikifunga kisanduku cha fyuzi, nikapitisha waya siko, nikamsikia nyuma yangu akijitayarisha. "Baba, niwie radhi, kama hutojali, nlikuwa nafikiri pengine huo waya, ikikupendeza..." Fyuzi ikapasuka, paa! Tukabaki tumesimama gizani.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Bado kidogo, baba."

Tukafanya mazoezi. Mchana wa kufunga, watu wamelala, mimi na mkwe wangu ndani ya ghala, namfundisha kunikaripia. Alianza na "Baba, si hivyo." Baadaye akafika kwenye "Si hivyo!" bila baba. Hamedi alishika upesi zaidi, alikuwa na kipaji, hata ikabidi nimkumbushe kwamba tumefunga. Na kila nilipokaripiwa, kosa lile lilikufa. Nilijifunza waya mpya wa plastiki haumenywi kwa kuzungusha kisu; unakilaza kisu ubapa, unakisukuma mbele, ili usiikwaruze shaba, kwani shaba iliyokwaruzwa itakatika ndani ya ukuta mwakani na hutajua kwa nini. Nilijifunza kujaribu kwa taa ya majaribio kabla ya kugusa, hata kama nimezima mwenyewe. Hilo la mwisho nilijifunza sokoni.

Tulikuwa katika duka la vitambaa, sokoni Matrah, watu wamejaa wakinunua nguo za Idi. Niko juu ya ngazi. Nilikuwa nimewasha kidogo kujaribu globu ya nyuma, muuzaji akaniuliza kitu, nikamjibu, na nilipogeuka nilikuwa nimesahau kwamba nimewasha. Mkono ukanyooka kwenye ncha ya waya iliyo wazi.

"We mzee! Toa mkono! Toa mkono huo! Kahawia ndio wenye moto, mara ngapi nikwambie!"

Nikautoa mkono kabla sijajua ni sauti ya nani. Seif alikuwa mlangoni, anatweta, jasho linamtoka. Muuza vitambaa, mzee mwenzangu anayetujua sote, akamgeukia.

"Huyu si mkweo? Na mwezi mtukufu huu? Hukulelewa wewe?"

Seif akainamisha kichwa, macho yamejaa machozi. Niliona anataka kuomba radhi, na nikajua akiiomba radhi ile tumerudi kwenye mashallah. Nikamwahi, nikiwa juu ya ngazi nimeishikilia kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiyo kwanza nafahamu nilikokuwa nakwenda.

"Bwana, unaniona nna kilemba?"

"Huna," akasema yule mzee.

"Basi hajamkaripia mkwewe. Kamkaripia mwanagenzi, na mwanagenzi kanusurika kufa dukani kwako. Mpe mkono kijana huyu."

Alimpa mkono, ingawa kwa shaka. Jioni Seif alikuja kufuturu kwangu anatembea kwa ncha za vidole, Zuwena keshasikia, hamsemeshi. Nikavaa kilemba changu kizuri, nikaipokea shikamoo yake, na sambusa ya kwanza nikampa yeye mbele ya wote. Nilimpenda kijana yule siku ile kuliko siku aliyonipa mahari ya binti yangu.

Nyumba ya mtihani ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Niliifanya peke yangu katika siku za mwisho za Ramadhani. Mkono wangu ulipoona kahawia nilimsikia Seif masikioni, na mkono ukatulia. Msimamizi alikuja, akawasha, akazima, akafungua visanduku vyote kimoja kimoja kwa bisibisi yake, akatafuta kosa kwa bidii na kwa upendo. Halikuwapo. Tukarudi ghalani. Alikwenda akakikalia kile kiti mwenyewe, akaagiza chai ya futari.

Hadithi ingeishia hapo kama ningekuwa na haya. Lakini baada ya Idi, asubuhi moja, nikamwona mtu mfupi mwenye ndevu nyekundu amesimama mlangoni kwetu. Usta Murad. Alisema anapita tu, anakwenda kumjulia hali nduguye. Tukaulizana hali kwa urefu. Nikamuuliza habari za kibanda, akasema kibanda kizima. Nikamuuliza habari za makandili.

"Mazima nayo," akasema. "Yote yapo dukani."

Macho yake yalikuwa yakizunguka kwenye mizigo ya nyaya, kwenye globu, kwenye koleo, na niliyatambua macho yale, kwa kuwa ndiyo yangu mwaka 1964 nilipomtazama akilehemu. Kisha akakiona kilemba changu ukutani, akauliza kwa nini. Nikamweleza. Akafikiri.

"Msumari huo unachukua vilemba vingapi?"

"Kimoja tu," nikasema. "Lakini nyundo ipo."

Msimamizi aliniambia nimfundishe mimi, kama nataka, na akifaa atamchukua, asipofaa basi. Nikagonga wa pili pembeni ya wa kwanza. Usta Murad akavua kilemba chake. Kichwa chake kilikuwa cheupe kabisa, sikuwahi kukiona miaka yote ile. Nikampa kisu na kipande cha waya, nikamwonyesha namna ya kumenya.

Mkono wa fundi bati ni mzito kwa waya. Alikibana kisu kwa nguvu zake zote akakizungusha, na shaba ikapata kovu pande zote. Nikajikohoza. "Usta," nikaanza, "niwie radhi, kama hutojali, nlikuwa nafikiri pengine..."

Nyuma yangu nikamsikia Seif anacheka. Ni mara ya kwanza mkwe wangu kunicheka, na alikuwa na kila haki. Usta Murad alikuwa ameshachukua kipande cha pili, anakiharibu vile vile, ametulia, akisubiri niipambe sentensi yangu. Mtu huyu alinilisha mimi na watu wangu kwa miaka sita. Nikaukumbuka ule ukingo wa bati aliotupa barabarani, nikavuta pumzi.

"Mikono yako imeumbwa kukanda unga!" nikapiga kelele. "Nani kakwambia ushike waya?"

Hamedi akaziba mdomo. Usta Murad akainua uso taratibu, akanitazama. Kisha meno yote aliyobaki nayo yakatoka nje.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikwishaanza kudhani umeniweka hapa ninywe chai."

Akachukua kipande kingine, akakilaza kisu ubapa kama nilivyomwonyesha, akaanza upya.